Kifaa cha Kuchunga Pampu ya Maji Mpakani: Anza na Fundi, Chipu Baadaye

Kwenye foleni ya malori Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ukipita nyuma ya kontena linaloelekea Kampala au Kigali, utaona kifuli kinene kimening'inia mlangoni. Hicho ni kifuli cha kielektroniki cha RECTS, mfumo wa kufuatilia mizigo ambao Kenya, Uganda na Rwanda ziliuzindua kwa pamoja mwaka 2017. Ndani yake mna chipu, betri, GPS na mawasiliano ya simu. Lori likiacha njia au kifuli kikikatwa, taarifa hufika papo hapo kwenye vituo vya kufuatilia. Lakini kinachomfanya dereva akiheshimu kifuli hicho si chipu iliyomo ndani. Ni kikosi cha watu na magari kilichokaa tayari barabarani, ambacho kikipata taarifa kinaondoka kwenda kulitazama lori.

Kijana wa Buteba, Busia au Tororo, upande wa Uganda, anayetaka kutengeneza kifaa chake mwenyewe aanzie hapo. Vijana wetu wengi wanajua kuprogramu, na Chuo Kikuu cha Busitema, jirani kabisa na Buteba kwenye barabara kuu ya Jinja hadi Malaba, kinafundisha uhandisi wa kompyuta. Ujuzi upo. Kinachokosekana mara nyingi ni mpangilio wa kazi: kifaa hutengenezwa kwanza, kisha ndipo anatafutwa mtu wa kukiitikia. Mimi nashauri kinyume chake, na nitachukua mfano mmoja niufuate hadi mwisho: kifaa kinachohesabu mapigo ya mpini wa pampu ya mkono kisimani na kutuma meseji kila usiku.

Nimechagua pampu kwa sababu vijiji vingi vya Busia na Tororo vinategemea visima vyenye pampu za aina ya U2 na U3, ambazo Uganda ilizirithi kutoka India Mark II na Mark III. Pampu moja ikifa, akina mama na watoto wanarudi kwenye chemchemi za wazi na mito, na maradhi yanarudi nao.

Mfano wa karibu unatoka Kyuso, kaunti ya Kitui. Kuanzia 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga kwenye mipini ya pampu kifaa kidogo chenye kihisi cha mwendo na moduli ya simu. Mpini ukipanda na kushuka kifaa kinahesabu, kisha kinatuma SMS. Katika majaribio hayo muda wa pampu kukaa mbovu ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Wengi husimulia habari hiyo kana kwamba kifaa ndicho kilichotengeneza pampu. Siku zile ziliokolewa na fundi aliyekuwa tayari kusafiri, vipuri vilivyokuwa stoo, na malipo yaliyopangwa mapema. Kifaa kilimwonyesha fundi pa kwenda. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa FundiFix, huduma ya matengenezo ya pampu Kitui na Kwale ambayo watumiaji huichangia kabla pampu haijaharibika.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji lehemu wala kompyuta. Nenda ukaketi na kamati ya maji na fundi wa pampu wa eneo hilo. Uliza nani hupigiwa simu pampu ikikataa, ana simu ya aina gani, vipuri hununuliwa wapi, na nani hulipa nauli ya bodaboda. Kama hakuna jibu la swali la mwisho, usitengeneze kifaa bado. Msaidie fundi na kamati wapange mfuko mdogo kwanza, kwa sababu meseji itakayomfikia fundi asiye na nauli itamkosesha raha bila kumpatia mtu maji.

Muulize pia fundi jinsi pampu zinavyokufa. Atakwambia kwamba ni nadra pampu kufa ghafla. Vikombe vya mpira huisha taratibu, vali ya chini huanza kuvuja, mabomba ya chuma huota kutu na kutoboka. Dalili ya mwanzo ni kwamba asubuhi, baada ya pampu kulala, mtu anapiga mpini mara nyingi kabla maji hayajatoka. Habari hiyo moja inabadilisha kifaa chote. Badala ya kuhesabu jumla ya siku peke yake, kifaa kihesabu mapigo ya kila saa, ili uone saa ya kwanza ya asubuhi ikianza kunenepa wiki baada ya wiki huku saa nyingine zikibaki vilevile.

Jerikeni ndiyo mizani yako

Kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu, nenda kisimani alfajiri na daftari. Kipimo cha kila mtu pale ni jerikeni ya njano ya lita 20, basi itumie. Mama anapoweka jerikeni yake chini ya mdomo wa pampu, hesabu mapigo hadi ijae. Kisha mhesabie mtoto. Mtoto hushika mpini kwa mikono miwili, anarukaruka, na mara nyingi haushushi hadi chini. Mapigo yake ni mafupi na mengi. Mwanamume mwenye mitungi sita kwenye baiskeli hupiga kwa pupa, kisha anapumzika katikati. Andika kila mmoja, pamoja na saa. Ukimaliza utakuwa na kiwango cha chini na cha juu cha mapigo kwa jerikeni, na hicho ndicho utakachotumia kukadiria lita. Ukitumia namba moja uliyoipata kwa mtu mzima mmoja, hesabu yako ya maji itadanganya kila watoto wanapoteka.

Kwa kihisi una njia mbili. Kihisi cha mwendo kama LIS3DH kinatumia mikroampea chache na kinasikia hata mtikisiko mdogo. Mwaka 2017 watafiti wa Oxford walionyesha kwamba mtikisiko wa mpini unaweza kutumika kukadiria kina cha maji ardhini. Hilo ni jambo kubwa, na ukishakomaa lijaribu. Kwa kifaa cha kwanza, hata hivyo, ninapendelea swichi ya sumaku: kichupa kidogo cha kioo chenye ndimi mbili za chuma, zinazogusana sumaku ikisogea karibu. Ni rahisi, yenyewe haili umeme, na fundi yeyote mwenye mita anaweza kuipima na kuibadilisha. Sumaku funga kwenye mpini, swichi kwenye kichwa cha pampu.

Kuna mtego mmoja hapo. Mpini ukiachwa, hutulia sehemu moja, na watu wakienda kulala unabaki hapohapo usiku kucha. Kama sehemu hiyo sumaku inaifunga swichi, umeme utapita kwenye rezista mfululizo. Kwa rezista ya kilo-omu 10 na volti 4, hiyo ni miliampea 0.4, usiku wa saa 10 umepoteza mAh 4, karibu sawa na mahitaji ya kifaa kizima kwa siku, kama tutakavyoona. Panga sumaku ili mpini ukipumzika swichi iwe wazi, na tumia rezista ya mega-omu 1.

Swichi hizi pia hutetema zinapogusana, hivyo pigo moja linaweza kuonekana kama matatu. Katika programu, pigo likishahesabiwa puuza lolote linalofuata ndani ya milisekunde 300. Hakuna binadamu anayepiga pampu kwa kasi hiyo.

Betri: fanya hesabu kabla ya kununua

Bodi za Arduino na ESP32 zinazouzwa Luthuli Avenue, Nairobi, na madukani Kampala ni nzuri kwa kujifunzia mezani. Ukiipeleka bodi hiyo kisimani jinsi ilivyo, betri itakufa mapema, kwa sababu hata chipu ikilala, taa ndogo, kidhibiti cha volti na chipu ya USB vinaendelea kunyonya. Chukulia bodi inakula miliampea 10 usiku na mchana. Ni mAh 240 kwa siku. Betri ya 18650 ya kweli yenye mAh 2,600, ukiitumia asilimia 70 tu ili volti zisishuke mno, inakupa mAh 1,820. Gawanya: wiki moja na nusu siku.

Sasa chukua chipu tupu ya ATmega328P, iendeshe kwa MHz 8, iunganishe moja kwa moja na betri bila kidhibiti cha volti, na ilaze usingizi mzito kati ya pigo na pigo. Chipu yenyewe ikilala inakula mikroampea chache; tuseme pamoja na mengine yote tumeruhusu miliampea 0.1. Kwa siku ni mAh 2.4. Modemu ikiwashwa dakika moja usiku kwa wastani wa miliampea 150, ongeza mAh 2.5. Jumla karibu mAh 5 kwa siku, na betri ileile sasa inakaa takriban mwaka mzima. Funga mbili sambamba uwe na akiba, na fundi azibadilishe kwenye ziara yake ya kawaida.

Sipendekezi paneli ya sola kwenye pampu. Inang'aa, inatamaniwa, na watoto watairushia mawe. Zaidi ya hayo, betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto linalozidi nyuzi 45, na sanduku lililofungwa juani hufika hapo bila shida. Angalia pia unachonunua: betri ya 18650 iliyoandikwa mAh 9,900 ni ya uongo. Kwa ukubwa ule, betri bora kabisa za kawaida huishia kwenye mAh 3,500 hivi. Pima mwenyewe kwa kuitoa chaji polepole na kuandika muda.

Moduli ya SIM800L, ambayo wengi huanza nayo, inataka volti 3.4 hadi 4.4. Betri ya 18650 ikijaa ina 4.2, kwa hiyo zinaoana vizuri. Lakini inaporusha mawimbi huvuta hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua. Waya mwembamba au betri iliyochoka haiwezi kutoa hizo, volti zinaporomoka, moduli inazima na kuwaka tena, na wewe unabaki kuilaumu programu. Weka kapasita ya mikrofaradi 1,000 au zaidi karibu kabisa na moduli, tumia nyaya nene na fupi, na kamwe usiilishe moduli kutoka pini ya volti 5 ya Arduino. Pini zake za mawasiliano ni za volti 2.8, basi punguza volti zinazotoka kwenye chipu kwa rezista mbili. Ukimaliza kutuma, ipe amri ya AT+CPOWD=1 ijizime kwa utaratibu, ndipo uikatie umeme kwa transista ya MOSFET. Ukiiacha imelala tu, itaendelea kula kiasi cha miliampea moja, na hesabu yote ya juu itavurugika.

Mtandao unaovuka mpaka

Hapa ndipo vifaa vilivyofanya kazi vizuri Kampala au Nairobi hukwama. Buteba inapakana na Kenya. Mawimbi ya minara hayajui mpaka, na mtu akitembea huku simu yake hupokea meseji ya kumkaribisha nchi ya pili wakati hajavuka popote. Binadamu ataona alama ya nje ya nchi kwenye kioo na kurekebisha. Modemu iliyoko ndani ya sanduku haina wa kuiangalia. Ikikosa mawimbi ya nyumbani wakati ule itashika mnara wa ng'ambo, na kesho huenda ukawa mwingine.

Kabla ya kuchagua kisima cha majaribio, nenda na moduli, kompyuta ndogo na laini yako, uzungumze na modemu papo hapo. Andika AT+COPS=? usubiri, inaweza kuchukua dakika moja au zaidi. Itakuorodheshea mitandao yote inayoisikia, kila mmoja na namba yake. Namba za Uganda huanza na 641: MTN ni 64110, Airtel ni 64101. Za Kenya huanza na 639: Safaricom ni 63902, Airtel ni 63903. Kisha uliza AT+CREG? usome namba ya mwisho ya jibu. Ikiwa 1, uko nyumbani. Ikiwa 5, uko ugenini ijapokuwa umesimama ardhi ya Uganda, na kila kitu utakacholipa kitalipwa kwa bei ya ugenini. Halafu AT+CSQ, inayotoa nguvu ya mawimbi kuanzia 0 hadi 31. Chini ya 10 tafuta mahali pengine pa antena.

Dawa ni kuiambia modemu mtandao wake kila inapowaka, kwa mfano AT+COPS=1,2,"64110" kwa laini ya MTN Uganda. Ile 1 ya mwanzo ina uzito: inamaanisha mtandao huu au hakuna. Ukiweka 4, modemu ikishindwa itajichagulia mwingine, nawe utarudi ulikotoka. Ikishindwa kusajiliwa, kifaa kisubiri kijaribu tena saa inayofuata na kesho yake, bila kung'ang'ania usiku kucha, maana modemu inayotafuta mtandao ni mlafi wa betri.

Kuanzia 2014 na 2015, Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kuondoa gharama za ziada za kupiga simu kati ya nchi hizo. Ni jambo zuri kwa wafanyabiashara wa Busia. Usijenge kifaa chako juu yake, kwa kuwa makubaliano hayo yalilenga hasa simu za sauti. Meseji na data ziulizie kampuni ya laini yako kabla ya kuamua.

Kuhusu njia ya kutuma, mimi nasema SMS. Data ya intaneti ni rahisi kwa bei, lakini kuifungua kwenye 2G dhaifu huchukua muda mrefu modemu ikiwa macho. SMS ina herufi 160, na ukiingiza hata herufi moja isiyo ya kawaida zinabaki 70, kwa hiyo epuka mapambo. Meseji kama "BT07 9840 392 14" inatosha: kisima, mapigo ya siku, betri ya volti 3.92, mawimbi 14. Mapigo ya kila saa, kwa zile saa 24, yanaingia kwenye meseji ya pili. Tuma saa tatu usiku, watu wameshamaliza kuteka, na fundi anaweza kupanga asubuhi yake. Visima vikiwa vingi, kila kimoja kipewe dakika yake.

Laini iandikishwe kwa jina la kamati au taasisi yenye kuaminika. Ukiiandikisha kwa jina lako ukahamia mji mwingine, kisima kitabaki na laini isiyo na mwenyewe. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, nayo meseji ya kila usiku inazuia hilo, mradi salio lipo. Ukifika hatua ya kutengeneza vifaa vya kuuza, kumbuka kwamba vifaa vya mawasiliano huhitaji idhini ya Tume ya Mawasiliano (UCC) upande wa Uganda na ya Mamlaka ya Mawasiliano upande wa Kenya. Hilo ni muhimu zaidi ukiamua kutumia redio za LoRa, ambazo zinaweza kurusha mawimbi kilomita kadhaa na kuvuka mpaka bila wewe kujua.

Radi

Tororo ina jina duniani kwa jambo hili: kwa miaka ya 1967 hadi 1976 ilirekodiwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Hesabu hiyo ni theluthi mbili ya mwaka. Radi haihitaji kupiga pampu yenyewe ili iue kifaa. Ikipiga jirani, waya mrefu unaokota volti za kutosha kuunguza chipu. Kwa hiyo kila kitu kikae pamoja, ndani ya sanduku moja, nyaya zisizidi urefu wa kiganja. Usivute waya kutoka kisimani hadi nyumba ya shule. Weka diodi za kinga, zile zinazoitwa TVS, kwenye waya wa swichi na kwenye njia ya umeme wa modemu. Antena iwe fupi, chini ya kifuniko cha plastiki. Usiifiche ndani ya bomba la chuma, kwani chuma huzuia mawimbi.

Sanduku lenyewe liwe la plastiki ya kufungwa kwa skrubu zenye kichwa kisicho cha kawaida, mdomo wa waya uelekee chini, na ndani mwe na kipakiti cha silika. Paka bodi vanishi, au rangi ya kucha isiyo na rangi, kuzuia unyevu na siafu. Acha wazi sehemu za kuchomeka betri tu.

Programu inayojua kwamba hakuna atakayekuja

Kisimani hakuna mtu wa kubonyeza kitufe cha kuanza upya. Washa kipima-uhai (watchdog) cha chipu ili programu ikiganda chipu ijianzishe yenyewe. Jiulize kila mahali unaposubiri jibu la modemu: je, lisipokuja? Weka kikomo cha sekunde kwa kila amri, na baada ya kikomo zima modemu uendelee kuhesabu mapigo. Kuhesabu ndiyo kazi ya kwanza. Kutuma ni ya pili.

Namba nazo zina mipaka. Pampu yenye foleni inaweza kupigwa mara 10,000 kwa siku. Kihesabio cha biti 16 kinajaa kwenye 65,535 na kurudi sifuri kabla ya wiki kuisha. Tumia cha biti 32. Kumbukumbu ya EEPROM ya ATmega328P imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000 kila seli. Ukiandika kila pigo umeimaliza kwa siku 10. Ukiandika mara moja kwa saa, itadumu zaidi ya miaka 11.

Kwa saa, tumia DS3231, ambayo hukosea dakika moja hivi kwa mwaka. Uganda na Kenya ziko kwenye majira mamoja, hivyo hapo mpaka haukusumbui. Lakini kwenye kioo cha simu andika saa kama zinavyosemwa na watu: saa moja asubuhi, saa kumi na mbili jioni. Ndani ya kumbukumbu hifadhi saa za kimataifa, na ubadilishaji ufanyike mahali pamoja tu kwenye programu. Ukiutawanya, siku moja fundi ataambiwa pampu imekufa saa saba, na hatajua ni mchana au asubuhi.

Usitangaze ubovu kwa kuona sifuri. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, watu hukinga maji ya paa na pampu inaweza kukaa kimya siku nzima ikiwa nzima kabisa. Kukiwa na msiba kijijini mambo hubadilika pia, pampu moja ikapigwa kupita kiasi na jirani yake ikaachwa. Linganisha kila kisima na mwenendo wake mwenyewe wa wiki mbili tatu zilizopita, na ukiona kimya kisichoeleweka, kifaa kitume swali kwa mtu wa kamati anayeishi karibu: "Pampu inatoa maji? Jibu NDIYO au HAPANA." Jibu lake moja lina thamani kuliko hesabu zozote utakazobuni.

Upande wa simu usijichoshe. Fundi wa kawaida ana kabambe, yaani simu ya vitufe, au simu janja ambayo wakati mwingi haina bando. Kwake yeye kazi nzima ni meseji ya lugha anayoizungumza: "Kisima cha shuleni hakijatumika tangu jana saa kumi na moja jioni." Iwe kwa Kiswahili, na kama kamati inataka Kiteso, mwombe mtu wao aiandike. Programu ya Android ni ya ofisi ya maji ya wilaya peke yake. Simu moja yenye laini inapokea meseji zote, inazihifadhi ndani yake hata bila intaneti, na inazipandisha mtandao ukipatikana. Tangu 2019 Google imezibana sana programu za Play Store zinazosoma SMS, kwa hiyo panga mapema kuiweka moja kwa moja kwenye simu hiyo bila kupitia duka hilo. Na amri yoyote ya kubadilisha mipangilio ya kifaa ikubaliwe kutoka namba zilizosajiliwa tu, tena pamoja na neno la siri.

Kukabidhi

Kifaa cha kwanza kikae kisimani sambamba na daftari. Mtu wa kamati aandike jerikeni zilizojazwa asubuhi na jioni, nawe ulinganishe na meseji. Tofauti ikizidi kile kiwango ulichopima na jerikeni alfajiri ile, kuna mapigo yanayopotea au kuongezeka. Sogeza sumaku kabla ya kugusa programu. Fanya jaribio hilo wakati wa mvua. Kiangazi hakitakufundisha chochote kuhusu sanduku lako.

Fundi afungue sanduku na kulifunga mwenyewe mbele yako, abadilishe betri, ang'oe swichi na kuirudisha. Mwachie kifaa cha akiba kamili, kilichokwisha kuwekewa programu, ili kazi yake kisimani iwe kutoa kimoja na kuweka kingine, na kilichoharibika kikusubiri wewe. Ndani ya kifuniko bandika karatasi iliyofunikwa plastiki yenye mchoro wa nyaya, namba ya laini, tarehe ya betri na namba ya simu ya kamati.

Ukiombwa kifaa kama hicho na kijiji cha upande wa Kenya, hata kama ni ng'ambo ya mto Malaba unaoonekana kwa macho, kichukulie kama kazi mpya. Laini iwe ya Kenya, namba ya mtandao ibadilike kuwa 63902 au 63903, na fundi awe yule anayenunua vipuri upande huo. Angalia pia aina ya pampu: Kenya ina nyingi za Afridev, pampu iliyojaribiwa Kwale miaka ya 1980, na mpini wake hautembei kama wa U2. Sumaku ya U2 haitakaa mahali pale pale. Rudi alfajiri na daftari, na uanze tena na jerikeni.